Siku Umaskini Alipomwangusha Bingwa

Ilikuwako nchi, na mkiulizwa ni ipi semeni hamkuambiwa. Watu wake walikuwa wema, viongozi wake walikuwa wema kupita watu, na kama kulikuwa na tatizo lolote basi lilikuwa bado linafanyiwa uchunguzi. Nchi hiyo ilikuwa na bendera, wimbo, na bingwa wa masumbwi wa uzito wa juu. Bendera ilikuwa imepauka, na wimbo ulikuwa na beti ambazo haziimbwi tena kwa sababu za kiusalama, lakini bingwa alikuwepo, mzima, mnene, anang'aa mafuta.

Bingwa huyo aliitwa Tamimu Gobole, na hakuwahi kupigwa. Hilo lilikuwa kweli tupu. Ili mtu apigwe sharti kwanza apande ulingoni, na Gobole alikuwa na miaka hajapanda ulingoni na mtu mwenye nia mbaya. Msije mkamdhania mwoga. Sheria ya Masumbwi ya nchi ile, iliyotungwa na wataalamu, ilisema wazi kwamba pambano likitangazwa kisha likaahirishwa, bingwa atahesabiwa ameshinda kwa kuahirisha. Kwa hiyo kila Gobole alipoahirisha alipata ushindi mwingine, na magazeti yakaandika kwamba anazidi kuwa tishio.

Kazi yake nyingine ilikuwa kusimama nyuma ya kiti cha Mtukufu Mlezi, mkuu wa nchi, siku za sherehe, amekunja mikono kifuani, ili mabalozi wakimtazama Mtukufu waone na misuli. Sura yake ilikuwa kwenye sabuni za kufulia, kwenye majalada ya madaftari, na kwenye ukuta wa wodi ya wazazi, ingawa haijulikani pale aliwekwa amtishe nani.

Na nchi nzima ilijua kuna mtu mmoja ambaye Gobole hataki hata kumpita barabarani. Mtu huyo aliitwa Machibya.

Machibya alikuwa mchimba visima. Tangu ujana mikono yake ilipiga mwamba mpaka mwamba ukatoa maji, na bondia yeyote aliyeonja mikono hiyo alirudi nyumbani na adabu mpya. Aliyemfundisha masumbwi ni Mzee Mkwizu, mume wa shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa mtoto asiye na wazazi. Mzee huyo alikuwa na koti moja la kijivu, na koti hilo alilivaa kwa mambo mawili tu: misiba, na kwenda kumwombea Machibya pambano na Gobole.

Maombi ya namna hiyo yalipokelewa na Kamati ya Kudumu ya Pambano Lijalo. Kamati ilikuwa na jengo, magari, na katibu aliyeitwa Bwana Chiwanga, mtu mpole ambaye hakuwahi kumwambia mtu hapana.

"Karibuni, karibuni sana," alisema Bwana Chiwanga siku ya kwanza. "Pambano lipo, mzee wangu. Hilo ondoa shaka. Lipo kabisa."

"Lini?" akauliza Mzee Mkwizu.

"Sasa hapo ndipo penye utaalamu. Kidole gumba cha mguu cha bingwa kinamuuma."

"Kwani anapigana kwa miguu?"

"Mzee wangu! Na atasimamia nini?"

Wakarudi nyumbani. Walipokwenda tena waliambiwa kidole kimepona, ila rangi ya glavu imeleta mjadala serikalini. Mara nyingine walikuta ofisi imefungwa kwa maombolezo ya farasi wa gwaride. Kisha Bwana Chiwanga akapata sababu nzuri kuliko zote, na akaitoa kwa unyenyekevu, mkono kifuani.

"Bondia hapandi ulingoni bila idhini ya kocha wake. Ndivyo sheria inavyosema, si mimi. Na kocha wa bingwa yuko safarini."

"Atarudi lini?"

"Bado hajaondoka, mzee wangu. Akishaondoka ndipo tutajua."

"Sasa sisi tufanyeje?"

"Msubirini," akasema Bwana Chiwanga, akawaonyesha benchi.

Mzee Mkwizu akakaa kwenye benchi lile na koti lake. Alikaa siku hiyo, na siku zilizofuata, mpaka wafagiaji wakazoea kufagia kuzunguka viatu vyake. Machibya akitoka visimani alimpitia, akamkuta amenyooka vilevile, kofia magotini, anatazama mlango. Hasira ya Machibya ilianzia hapo. Kukwepwa yeye mwenyewe angeweza kuvumilia, lakini kumwona mzee yule anafagiliwa miguuni kama kiti kibovu kulimuuma mpaka chakula kikamshinda.

Wananchi nao walianza kusema. Kwenye vinyozi, kwenye vijiwe vya kahawa, hata msibani kabla maiti haijatoka, mjadala ulikuwa mmoja: nani anamkwepa nani? Serikali ikaona mjadala ukiachwa hivi hivi utafikia jibu. Ndipo Machibya alipoitwa akapimwe uzito kwenye Mizani ya Taifa.

Mizani ya Taifa ilikaa juu ya zulia, na chini ya zulia alikaa ofisa wa ngazi ya kati. Machibya alipopanda, ubao ulilia, mshale ukaruka kwenda mwisho, kisha ukaanza kurudi polepole huku ofisa akisikika anahema. Msomaji wa mizani akavaa miwani.

"Uzito wa unyoya!" akatangaza.

Machibya akajitazama tumbo, akajitazama mapaja. Mlango alioingilia alikuwa ameupita kwa ubavu. Lakini mizani ilikuwa ya Taifa, na kubishana nayo ni kubishana na Taifa. Jioni ile ile akapangiwa pambano na fundi cherehani mmoja mwembamba, baba wa watoto, ambaye hakuwahi kugombana hata na mteja. Fundi alipandishwa ulingoni analia. Machibya akamketisha kwenye kigoda cha kona yake, akampa maji, akamfunga vizuri kamba za viatu, akateremka. Kesho yake akafungiwa masumbwi kwa kosa la kutompiga raia, na Gobole akahojiwa redioni.

"Mimi nipo tayari siku zote," alisema Gobole kwa sauti nzito. "Huyo kijana ndiye anayenikimbia. Nasikia sasa amekimbilia uzito wa unyoya."

Mzee Mkwizu alisikia maneno hayo akiwa benchini. Akainuka, akajifuta vumbi, akaenda moja kwa moja kwenye kituo cha redio, na kwa kuwa alikuwa na koti, mlinzi alimdhania mtu muhimu akampisha. Akaingia hewani akasema sentensi moja: "Gobole anamkwepa Machibya kwa sababu anamwogopa." Kisha akamshukuru mtangazaji, akatoka, akakamatwa na muuza maji ya machungwa aliyekuwa nje kwa kazi hiyo.

Alishtakiwa chini ya Sheria ya Kulinda Ujasiri wa Bingwa, kwa kumjeruhi Tamimu Gobole kwa neno. Mahakamani Gobole alikuja na bendeji kubwa sikioni. Daktari wa serikali akaeleza kwamba neno "anamwogopa" lilimwingia mlalamikaji kwa nguvu, likafika ndani, na kwamba lingekuwa refu kidogo tu lingeua. Hakimu, ambaye alikuwa mtu wa huruma, akamwambia mshtakiwa kuwa anaweza kwenda nyumbani sasa hivi akitamka mbele ya watu kwamba Gobole ni jasiri.

"Nitatamka, mheshimiwa," alijibu Mzee Mkwizu. "Akishapanda ulingoni."

Akafungwa. Gereza lilikuwa na unyevu, na mzee alikuwa na kifua. Walipomtoa alikuwa koti tupu lenye mtu mdogo ndani. Shangazi Nambua, mkewe, alimpikia supu na kumkanda mgongo kwa mafuta ya moto, akimtania kwamba amerudi na kiuno cha kijana, lakini kikohozi hakikutania. Mchana mmoja alimwita Machibya karibu na mkeka.

"Sitaki mkanda," akasema. "Mkanda ni ngozi tu. Nataka shavu. Shavu la Gobole liguse chini, na mimi nijue."

"Litagusa, mzee."

"Niahidi vizuri."

"Wallahi litagusa."

Wakamzika kwenye makaburi ya mtaani, kaburi la mwisho kabla ya ukuta, na Machibya ndiye aliyelichimba, peke yake, akikataa kusaidiwa. Siku ya tatu ya msiba gazeti lilitangaza kwamba Gobole ametunukiwa nishani ya uvumilivu kwa jeraha lake la sikio. Shangazi Nambua alilisoma gazeti lile mpaka mwisho, akalikunja, akafungia samaki. Hakulia tena tangu hapo, wala hakucheka.

Sasa lazima mwelezwe desturi moja ya nchi ile, maana bila desturi hiyo tusingekuwa na la kusimulia. Kila mwaka, Siku ya Taifa, serikali iliwapiga maadui watatu wa nchi: Ujinga, Maradhi na Umaskini. Iliwapiga kweli, kwa ngumi, uwanjani, mbele ya Mtukufu Mlezi na wageni wa ng'ambo. Watu watatu walivishwa magunia na vinyago, wakapandishwa ulingoni mmoja mmoja, na bingwa akawaangusha. Ujinga kwa kawaida alichezwa na kijana mwenye shahada aliyekosa kazi. Maradhi alichezwa na mpishi wa hospitali. Umaskini alitakiwa awe mtu mkubwa kuliko wote, ili ushindi uonekane mkubwa, na kwa miaka mingi alichezwa na Koplo Tindwa wa magereza, aliyekuwa na kipaji cha kuanguka. Alikuwa akiguswa tu anapepesuka, anazunguka, anainua mguu mmoja, halafu anakwenda chini mzima mzima. Baada ya hapo Mtukufu Mlezi alihutubia kwamba Umaskini umekwisha, na watu wakatafuta nauli za kurudi nyumbani.

Magunia na vinyago hivyo vilishonwa na Shangazi Nambua. Ndiyo iliyokuwa kazi yake, mjane wa mfungwa au si mjane wa mfungwa, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyejua kushona gunia likakaa kama nguo. Mwaka ule Koplo Tindwa alipokuja kupimwa, alikaa kwenye kigoda cha Shangazi na kushika kichwa.

"Dada Nambua, mimi nimechoka kuanguka," akasema. "Wanangu shuleni wanaitwa watoto wa Umaskini. Mke wangu nikimkemea ananiambia kaanguke huko. Nimeomba angalau nichezeshwe Ujinga, wamenikatalia, wanasema sina elimu."

Shangazi aliweka sindano chini. Alimtazama Koplo urefu, akamtazama mabega, kisha akageuka akamtazama Machibya, aliyekuwa anakula ugali wake kizingitini. Mabega yalikuwa yale yale.

"Koplo, mwaka huu ukipata homa Siku ya Taifa, itakuuma?"

Koplo Tindwa hakuwa mjinga, licha ya Kamati kumkatalia cheo hicho kwa sababu nyingine. Naye alimtazama Machibya, na macho yakaanza kumng'aa.

"Itaniuma sana," akasema. "Nitalala kitandani nimejifunika gubigubi, redio sikioni." Kisha akamsogelea Machibya na kumnong'oneza: "Kaka, mpige na moja kwa ajili yangu. Mwaka juzi alinipiga kweli, kwa kuwa wapiga picha walikuwa karibu." Machibya akamwahidi.

Siku ya Taifa ikafika. Uwanja ulijaa, maana waliokosa kuja walitakiwa kueleza kwa nini. Mtukufu Mlezi alikaa kwenye kiti chake, na kando yake wakakaa Marafiki wa Maendeleo, wageni waliokuja kila mwaka kutazama fedha zao zinavyopiga Umaskini. Kiongozi wao alikuwa bibi mmoja mrefu mwenye kofia ya majani.

Gobole alipanda kwa tarumbeta. Ujinga akaletwa, akaanguka kwa heshima. Maradhi akaletwa, akakohoa, akaanguka juu ya mwamuzi. Kisha ngoma zikabadilika, na Umaskini akaingia, gunia mpaka magotini, kinyago usoni, anaburura sufuria tupu zilizofungwa kiunoni kwa mnyororo. Watu wakazomea kama walivyofundishwa. Ndani ya kinyago Machibya alikuwa anasikia harufu ya gunia na mapigo ya moyo wake mwenyewe, na alikuwa anaomba jambo moja tu, kwamba Gobole asishikwe na kidole gumba sasa hivi.

Kengele ikalia. Gobole akasogea anatabasamu kwa upande wa wapiga picha.

"Koplo," akanong'ona, "leo angukia kushoto. Kamera ziko kule."

Akarusha konde la maonyesho, likatua kifuani kwa Machibya kama mtu anayebisha hodi. Machibya akasimama. Gobole akarusha jingine.

"Koplo, vipi? Nimeshakupiga."

"Sijasikia," akasema Umaskini.

"Anguka, bwana! Mtukufu anatazama!"

"Koplo hayupo," ikasema sauti ndani ya gunia. "Mzee Mkwizu anakusalimia."

Wapo waliosema baadaye kwamba waliona uso wa bingwa ukibadilika rangi wakiwa jukwaa la mbali kabisa. Gobole alijua sasa yuko na nani. Alitazama kulia, akaona kamba. Alitazama kushoto, akaona kamba. Miaka yote ile alikuwa na kamati, mizani, mahakama na kocha aliye safarini kati yake na mikono hii, na leo hapakuwa na kitu chochote katikati isipokuwa hewa.

Machibya hakuwa na haraka. Konde la kwanza alilitia ubavuni, kwa ajili ya lile benchi. Gobole akajikunja. La pili lilikuwa la Koplo, maana ahadi ni deni hata kwa mlinzi wa gereza. Akamwacha apumue, akamsubiri anyooke, akamfuata kwa hatua fupi alizofundishwa na mtu aliye kaburini, sufuria zikilia nyuma yake. Gobole akajaribu kumkumbatia. "Tuahirishe," akahema, "tuahirishe, kijana, tutaongea." Machibya akamsukuma kwa bega, akakusanya mkono kutoka chini kabisa, kutoka mahali ambapo mtu hutoa nguvu ya kuvunja mwamba wa mwisho, akampiga taya.

Gobole alianguka bila madoido yoyote. Hakuzunguka wala hakuinua mguu. Shavu lake la kushoto likagusa turubai la ulingo na likabaki pale, upande wa kamera.

Uwanja ulinyamaza mpaka sufuria zikasikika zikitulia. Mwamuzi, mtumishi wa umma wa muda mrefu, alianza kuhesabu kwa mazoea. Alipofika saba akakumbuka anamhesabia nani, sauti ikapungua. Alipofika tisa akasimama, akaomba radhi, akateremka kwenda kumuuliza Waziri kama aendelee. Waziri akaenda kwa Mtukufu. Mtukufu akauliza baada ya tisa huwa inafuata nini. Wakiwa bado wanashauriana, sauti moja ya mama ikatoka jukwaa la jua: "Kumi!" Ilikuwa sauti ya Shangazi Nambua. Kisha uwanja mzima, waliokuja kwa hiari na waliokuja kwa barua, wakapaza sauti pamoja: "Kumi!"

Mtukufu Mlezi aliinua mkono kuagiza watu wakamatwe. Lakini bibi mrefu wa Marafiki wa Maendeleo alikuwa tayari amesimama, machozi yanamtoka chini ya kofia.

"Miaka yote nimekuja hapa," akasema kwa Kiswahili chake cha kusomea, "nimeona Umaskini anaanguka, kisha nikitoka nje namkuta getini. Leo kwa mara ya kwanza serikali imesema kweli. Msaada wenu tutauongeza mara mbili."

Mkono wa Mtukufu ulikuwa bado juu. Aliutazama, akauteremsha taratibu, akaukutanisha na mwenzake, akaanza kupiga makofi. Waziri akapiga makofi. Jeshi likapiga makofi. Likatolewa tangazo papo hapo kwamba onyesho lilipangwa hivyo tangu mwanzo, na kwamba bingwa mpya wa uzito wa juu, kwa ushindi halali, ni Umaskini.

Machibya akainua mikono avue kinyago. Alitaka waone ni nani, na alitaka kulitaja jina la mzee wake kwenye kipaza sauti. Waziri akamrukia mgongoni, akaikaza kamba ya kinyago kwa mafundo mawili.

"Usivue!" akamfokea sikioni. "Ukivua tumekwisha!"

Wakamvisha mkanda juu ya gunia, wakampitisha mbele ya wageni wakampa mkono, na nyuma ya jukwaa wakamvua kila kitu na kumtoa kwa mlango wa takataka.

Machibya alirudi nyumbani ameshinda, na alikuwa na uchungu wa mtu aliyeibiwa. Kesho yake alikwenda kwa Bwana Chiwanga.

"Ni mimi niliyempiga Gobole," akasema.

"Wewe?" Bwana Chiwanga akatabasamu kwa upole ule ule. "Wewe ni unyoya, kijana wangu. Mizani ya Taifa imesema. Unyoya unawezaje kumwangusha mtu kama yule? Nenda nyumbani, na usirudie maneno hayo, maana kujifanya Umaskini sasa ni kujifanya bingwa wa nchi, na kosa hilo lina kifungo."

Alipomsimulia shangazi yake, alitarajia wakasirike pamoja. Badala yake Shangazi Nambua alianza kutikisika mabega, akaweka kazi yake chini, akacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

"Wewe unalia nini?" akasema. "Angepigwa na Machibya, angesema kapigwa na mtu. Mabondia hupigwa na watu, wanaamka, wanakunywa uji, maisha yanaendelea. Huyu kapigwa na Umaskini, mbele ya dunia, na serikali imepiga muhuri. Hebu niambie, hilo atalifutia wapi?"

Na kweli hakulifutia popote. Mtukufu Mlezi hakuweza kulindwa na mtu aliyeangushwa na Umaskini, kwa hiyo nafasi nyuma ya kiti ikapewa kabati. Sabuni ikabadilishwa karatasi. Neno "kumi" likapigwa marufuku kwa heshima yake ya zamani, na wenye maduka wakalazimika kuuza mayai tisa na moja, hivyo kila aliyenunua mayai alimkumbuka Gobole tangu sokoni mpaka jikoni. Watoto wakimwona walianguka chini kwa makusudi, shavu mchangani, wakahesabu mpaka tisa wakanyamaza. Hakuwa na la kuwafanya, kwa sababu Sheria ya Kulinda Ujasiri wa Bingwa sasa ilimlinda Umaskini.

Alikonda. Alianza kwenda kwa Kamati kuomba pambano la marudiano, na Bwana Chiwanga akamkaribisha sana, akamwambia pambano lipo kabisa, akamwonyesha benchi.

Ndipo asubuhi moja akaja kwa miguu mpaka kwa Shangazi Nambua, amevaa kofia na miwani myeusi. Machibya alikuwa anafunga kamba ya ndoo tayari kwenda kisimani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Shangazi, bila kuinua macho kutoka kwenye gunia lake. "Kaa hapo benchini."

Akakaa. Wakamwacha akae. Shangazi alifagia uwanja, na alipofika kwa Gobole akafagia kuzunguka viatu vyake. Jua lilipopanda, Gobole akavua kofia akaiweka magotini.

"Bwana Machibya," akasema, na sauti nzito ya redioni haikuwepo, "nimekuja kukuomba tupigane. Hadharani, kwa jina lako. Ukitaka kunipiga nipige, hata raundi ya kwanza. Lakini uwe wewe. Watu wajue nilipigwa na mtu."

Machibya aliikaza kamba ya ndoo.

"Kidole gumba cha mguu kinaniuma," akasema.

Gobole akautazama mguu ule, mkubwa, mzima, wenye tope la kisima. "Kwani utapigana kwa..." akaanza, kisha maneno mengine akayameza.

"Kikipona, bwana Machibya?"

"Kikipona, sheria unaijua kuliko mimi. Bondia hapandi ulingoni bila idhini ya kocha wake."

"Kocha wako ni nani?"

"Unamjua. Alikujeruhi sikio."

"Lakini yule mzee," akasema Gobole taratibu, "si alikwisha..."

"Yuko safarini," akasema Shangazi Nambua. "Nenda kamwombe. Kaburi la mwisho kabla ya ukuta. Na umwambie kweli, maana uongo wako alikwisha kuusikia."

Alikwenda. Mtaa mzima ulitoka kumfuata kwa mbali, na waliokaa juu ya ukuta wa makaburi walisikia kila neno. Gobole alipiga magoti. Alisema yeye ni Tamimu Gobole, na kwamba alikuwa anamkwepa Machibya miaka yote ile, na kwamba alikuwa mwoga, na bendeji ilikuwa ya uongo. Kisha akaomba idhini. Alisubiri. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kuchanganyikiwa kwa shida, au kwa kuwa alizoea nchi ambayo lolote linawezekana likipitia ngazi zake, akainama zaidi, akalaza kichwa chake juu ya kaburi ili asikie vizuri.

Aliporudi, Machibya aliliona vumbi jekundu kwenye shavu lake la kushoto, na akafurahi. Ilikuwa furaha mbaya, tamu, iliyomshuka mpaka tumboni, na hakuionea haya hata kidogo.

"Nimemwambia yote," akasema Gobole.

"Amejibu nini?" akauliza Shangazi Nambua.

"Hajajibu."

Shangazi akakata uzi kwa meno, akaligeuza gunia upande wa pili, akamwonyesha Gobole benchi.

"Basi msubiri," akasema, na Machibya akachukua kamba yake akaenda kisimani.